Karibu Laki Moja: Jioni za Waayalandi wa Chicago

BARAKA: Wasikilizaji, habari zenu. Mimi niko Dar, feni inazunguka na jasho linanitoka vilevile. Dada Zuhura yuko Chicago. Unanisikia, dada?

ZUHURA: Nakusikia, kaka. Huku upepo unavuma mpaka madirisha yanalia.

BARAKA: Pole. Sasa hebu tuambie. Mtu wa Tanga umefikaje kwenye ngoma ya Wazungu?

ZUHURA: Waayalandi, Baraka. Halafu usije ukawaita Waingereza mbele yao, utakosa chai.

BARAKA: (anacheka) Nimeshika adabu.

ZUHURA: Ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima. Kila wiki namkuta anatoka jioni na kisanduku, mimi nikajua ni cherehani ndogo. Siku moja nikamuuliza, mama, unakwenda kushona wapi? Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akafungua: konsatina! Kile kinanda kidogo cha mkononi, unakivuta na kukisukuma. Akaniambia njoo uone.

BARAKA: Ukaenda.

ZUHURA: Nikaenda. Nilitarajia jukwaa, taa, watu wamevaa kijani. Nikakuta ukumbi wa kanisa, viti vya kukunja vimepangwa duara, birika la chai pembeni. Wanamuziki wametazamana wenyewe kwa wenyewe, sisi tumebaki kuangalia migongo yao.

BARAKA: Wamewapa mgongo wageni?

ZUHURA: Ndiyo utaratibu wenyewe, si dharau. Hakuna anayetumbuiza. Mmoja anaanzisha wimbo, anayeujua anaingia, asiyeujua anaweka fidla magotini na kusikiliza. Wanaurudia kama mara tatu, halafu bila kusimama wanarukia mwingine. Nikajiuliza nani ametoa ishara. Kumbe ni nyusi tu.

BARAKA: Na ngoma zipo?

ZUHURA: Ipo moja, inaitwa bodhrán. Fremu ya mviringo, upande mmoja ngozi ya mbuzi, unaipiga kwa kijiti kifupi. Wapigaji walikuja wawili, na mmoja alikaa kimya kabisa akisubiri mwenzake apumzike. Wawili wakipiga pamoja, wenye fidla wanakunja uso. Halafu kuna zumari la mfuko, lakini halipulizwi kwa mdomo. Unabana mvukuto chini ya kiwiko. Ndiyo maana linaitwa uilleann, ni neno lao la kiwiko.

BARAKA: Kwa hiyo mpigaji anaweza kupiga huku anasengenya.

ZUHURA: Na wanasengenya!

BARAKA: Ebu subiri. Chicago na Waayalandi, mimi ninachojua ni ule mto wanaoupaka rangi.

ZUHURA: Siku ya Mtakatifu Patrick, sikukuu yao kubwa, kila Machi, tangu 1962. Walianza mafundi bomba wa jiji, wale wa chama cha wafanyakazi. Unga wenyewe ni wa rangi ya chungwa, ukigusa maji unageuka kijani. Unapendeza, watu wanapiga picha, basi. Mimi hainisisimui sana. Ninachotaka kukueleza ni hizi jioni za katikati ya wiki ambazo hakuna kamera.

BARAKA: Haya, endelea.

ZUHURA: Kuna mtu anaitwa Francis O'Neill. Kazaliwa 1848 Cork, kusini mwa Ayalandi, katoroka kwao kijana akawa baharia, mwisho katua Chicago akaingia polisi. Kapanda cheo mpaka akawa mkuu wa polisi wa jiji zima, 1901 hadi 1905. Na huyu mkuu wa polisi, kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuwinda nyimbo.

BARAKA: Kuwinda vipi?

ZUHURA: Akisikia mhamiaji fulani anajua wimbo wa kijijini kwao, anamfuata. Yeye mwenyewe hakuwa anaandika noti, anabeba wimbo kichwani mpaka kwa askari mwenzake, James O'Neill, ndiye anaandika. Na hawakuwa ndugu, jina tu. Mwaka 1903 akatoa kitabu chenye nyimbo 1,850. Wanamuziki wa huko Ayalandi kwenyewe wakaja kujifunza kutoka kwenye kitabu kilichotengenezwa na polisi wa Marekani.

BARAKA: Aisee. Yaani mhamiaji ndiye kawawekea wa nyumbani.

ZUHURA: Na hiyo si mara moja. Unajua céilí? Inatamkwa "keli". Zile dansi za kupanga mistari, ukumbi mzima. Mimi nilidhani ni mambo ya karne na karne vijijini. Kumbe céilí ya kwanza ya namna hiyo, ya kwenye ukumbi, ilifanyika London, 1897. Iliandaliwa na watu wa chama cha kuitetea lugha ya Kiayalandi, chama kilichoanzishwa Dublin 1893.

BARAKA: London! Kwa Mwingereza yule yule waliyekuwa wanamkimbia.

ZUHURA: Eeh. Watu wako ugenini, wamekaa wanajiuliza: sisi tukikutana tunafanya nini? Wakatengeneza. Na neno lenyewe, zamani lilikuwa na maana ya kwenda kwa jirani jioni, kukaa, kuzungumza, mwenye hadithi anatoa hadithi.

BARAKA: Kubarizi!

ZUHURA: Kubarizi hasa. Nilipomweleza jirani yangu kwamba kwetu kuna baraza nje ya nyumba, na kuna kitenzi chake, alinifanya nilirudie neno mara nne.

BARAKA: Na ukacheza?

ZUHURA: Nilicheza, Mungu anisamehe magoti yangu. Kuna moja inaitwa Kuta za Limerick. Wawili mnatazamana na wawili, mnasogea, mnarudi, mnapishana, mnazunguka, halafu mnawapita wale na kukutana na wawili wengine. Baada ya dakika kumi umeshakutana uso kwa uso na nusu ya ukumbi. Wazee walinipanga na bibi mmoja, pengine kwa ajili ya hijabu yangu, hawakuuliza na mimi sikueleza. Huyo bibi alikuwa ananisukuma kama toroli.

BARAKA: (anacheka) Na baa? Maana hawa watu na baa...

ZUHURA: Ipo kwenye kituo chao kikubwa, upande wa kaskazini-magharibi wa jiji, Irish American Heritage Center. Baa inaitwa Jimbo la Tano. Ayalandi ina majimbo manne ya jadi, Ulster, Munster, Leinster na Connacht, lakini neno lao la jimbo, cúige, maana yake ni sehemu ya tano. Sasa hiyo ya tano iko wapi? Wa ughaibuni wanasema ni sisi. Rais wao Mary Robinson alilizungumzia jimbo la tano alipoapishwa 1990, na akaweka taa dirishani Ikulu kwa ajili ya waliohama.

BARAKA: Taa dirishani. Hiyo imenigusa.

ZUHURA: Lakini mimi kinachonigusa ni jengo. Chama chenye kituo hicho kilianzishwa 1976. Jengo wamelinunua 1985, lilikuwa chuo cha zamani. Hesabu hapo: miaka tisa hawana nyumba, na hawajagombana wakatawanyika! Halafu wanachama wenyewe wakalikarabati kwa kujitolea. Leo lina maktaba, makumbusho, ukumbi wa maonyesho, madarasa ya lugha.

BARAKA: Sisi miaka tisa? Miezi tisa kundi la WhatsApp lina waweka hazina watatu na hakuna anayejua hela ziko kwa nani.

ZUHURA: Usinichekeshe. Lakini ni kweli, sisi huku tunakutana kwenye msiba na Disemba 9. Msiba tunauweza, mchango unatoka usiku huo huo. Katikati hapo, kimya.

BARAKA: Nao msiba wanaujua, nasikia wanakesha na maiti.

ZUHURA: Wanakesha, wanakula, wanasimulia vituko vya marehemu. Matanga kabisa. Ila nikwambie jioni iliyoniliza: ya kutafuta ukoo. Watu wanakuja na bahasha za picha, cheti cha ubatizo, jina la babu wa babu. Tatizo ni kwamba Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za taifa huko Dublin iliungua. Wosia, sensa za 1821 hadi 1851, karibu zote majivu. Sensa kamili za kabla ya moto huo zilizobaki ni ya 1901 na 1911, ziko bure kwenye intaneti.

BARAKA: Lakini wengi si waliondoka kabla ya hapo? Ile njaa ya viazi.

ZUHURA: Ndiyo. 1845 hadi 1852, ugonjwa wa viazi, watu kama milioni moja wakafa na milioni nyingine wakapanda meli. Hao kwenye 1901 hawapo. Kwa hiyo wanatafuta kwenye daftari za tathmini ya ardhi za miaka hiyo, jina la mpangaji, kijiji, ukubwa wa shamba. Mzee mmoja alipata jina la babu wa babu yake limeandikwa mstari mmoja tu, kibanda bila shamba. Akaushika ule mstari kwa kidole, hakutaka kuuachia. Mwalimu akamwacha, akaenda kuchemsha maji.

BARAKA: Chai ndiyo dawa yao.

ZUHURA: Na chai yenyewe ni yetu! Ile wanayokunywa Waayalandi, nyeusi, nzito, sehemu kubwa inatoka Kenya na Rwanda. Nikaangalia boksi nikacheka peke yangu. Wanakunywa na maziwa, na mkate wao wa magadi, hauna hamira, unaumuliwa kwa magadi na mtindi. Ukiwa moto, na siagi... ungeukubali.

BARAKA: Ningeukubali bila kuambiwa. Nani anaoka, akina mama?

ZUHURA: Januari 6 hapana. Hiyo ni Krismasi ya Wanawake, Nollaig na mBan. Tangu zamani, hasa Cork na Kerry, wanawake wanatoka kubarizi na wanaume wanabaki na vyombo.

BARAKA: Hii tusiitangaze sana hapa nyumbani.

ZUHURA: (anacheka) Nimeshaitangaza. Na mlangoni wanakusalimu céad míle fáilte, karibu mia elfu. Yaani karibu laki moja.

BARAKA: Sisi karibu moja tu na bado mgeni anavua viatu. Sasa umejiunga?

ZUHURA: Nimejiunga. Nikawaambia nataka kujifunza konsatina. Mama mwenye daftari akaniangalia, akaandika jina langu.

BARAKA: Darasa la konsatina?

ZUHURA: Zamu ya viti. Jumatano, saa kumi na moja jioni, kabla wengine hawajafika.