Maumivu Yametulia, Mfupa Unaendelea Kuliwa

Wazee wetu, shikamooni. Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nawashukuru mliovumilia foleni ya Barabara ya Morogoro mkafika.

Dada mmoja amenisimamisha hapo mlangoni. Mama yake aliugua baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, hadi vidole vikapinda. Sasa na yeye akiamka, vifundo vya vidole vimevimba na kukakamaa. Hawezi kukamua nguo wala kukuna nazi mpaka jua liwe kali. Akaniuliza, "Daktari, nimeshairithi hii, basi tena?" Nimemwomba akae, kwa sababu jibu lake ndilo nililokuja kulisema. Anachoweza kurithi mtu ni uwezekano wa kuugua. Kinachobomoa kiungo ni ujumbe ambao seli zinapelekeana ndani yake, na ujumbe huo unaweza kukatwa.

Tuwaangalie mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile. Mmoja akiugua baridi yabisi, uwezekano wa mwenzake kuugua ni kama asilimia 15. Kwa mtu wa kawaida hauzidi asilimia 1. Kwa hiyo urithi una nguvu, ila hauamui peke yake.

Jeni, yaani kinasaba, yenye uzito kuliko zote inaitwa HLA-DRB1, nayo iko kwenye kromosomu ya 6. Inatengeneza protini yenye kijishimo ambacho hushika vipande vya protini nyingine na kuvionyesha kwa seli za kinga. Mwaka 1987 Peter Gregersen na wenzake, Marekani, walieleza kwamba aina za jeni hii zinazoandamana na ugonjwa zinafanana mahali padogo sana: asidi amino (vijenzi vya protini) ya 70 hadi ya 74, ukingoni mwa kijishimo hicho. Tofauti hiyo ndogo inakifanya kishike vizuri protini ambazo kijenzi chake kiitwacho arginini kimegeuzwa kuwa kingine, sitrulini. Kinga ikizoea kuonyeshwa protini hizo, huanza kuzitengenezea kingamwili, na kingamwili hizo zinaweza kukaa kwenye damu miaka kadhaa kabla kidole cha kwanza hakijavimba. Moshi wa sigara unaongeza ugeuzaji huo mapafuni. Mwenye urithi huu akivuta sigara anajizidishia hatari mara kadhaa.

Jeni hiyohiyo inagusa pia ukubwa wa uharibifu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye asidi amino iitwayo valini kwenye nafasi ya 11 ya protini hiyo, mifupa yao huliwa zaidi, na picha za eksirei zinaonyesha hivyo.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Utafiti mkubwa wa 2014 ulitaja maeneo 101 ya vinasaba yanayohusiana na ugonjwa huu, kwa kuchunguza zaidi ya watu 100,000. Wote walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia. Badiliko mashuhuri la jeni nyingine, PTPN22, linalotajwa kwenye kila kitabu, kwetu Waafrika ni kama halipo. Hatuwezi kuendelea kusoma miili yetu kwa ramani iliyochorwa bila sisi.

Sasa twende ndani ya kifundo cha kidole. Kiungo kimevikwa utando mwembamba, unene wa seli chache tu. Ugonjwa ukianza, seli za kinga humiminika humo, na baadhi yake, makrofaji, humwaga protini ya kuchochea uvimbe iitwayo TNF. TNF inanasa kwenye kipokezi cha seli za utando, protini za ndani zinaamshana moja baada ya nyingine, hadi mojawapo, NF-kB, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Seli iliyokuwa inatoa ute wa kulainisha kiungo sasa inatoa vimeng'enya vinavyokata gegedu, tishu laini inayofunika ncha za mifupa. Inatoa pia protini nyingine ya ujumbe, interleukini-6, ambayo hupitisha ujumbe wake kwa protini za ndani ya seli ziitwazo JAK, na husafiri kwenye damu hadi kwenye ini na sehemu nyingine za mwili. Ndiyo maana mgonjwa huchoka mwili mzima, hachoki vidole tu.

Seli hizohizo za utando hutoa protini nyingine ya ujumbe, RANKL. Hii inaziita seli changa za jamii ya makrofaji, zinaungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi: osteoklasti. Inajibandika kwenye mfupa, inaziba kingo zake, kisha inamwaga asidi ya kuyeyusha madini na kimeng'enya cha kula kolajeni, protini inayoshikilia mfupa. Kwenye eksirei utaona pengo dogo pembeni mwa mfupa, pale gegedu lisipofunika. Mara nyingi pengo hilo halizibiki tena.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Diklofenaki, dawa ya maumivu mnayonunua duka la dawa la mtaani, inazuia prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe, basi. RANKL haiigusi. Unaamka umepata nafuu, huku osteoklasti inaendelea na kazi. Ushahidi wa kwamba njia ya maumivu na uvimbe na njia ya kuliwa kwa mfupa zinaachana tunao. Denosumabu, dawa inayozuia RANKL, ilipojaribiwa kwa wagonjwa hawa ilipunguza kuliwa kwa mfupa, lakini uvimbe ulibaki palepale. Na dawa za kuzuia TNF, ambazo watafiti Ravinder Maini na Marc Feldmann walianza kuwajaribia wagonjwa London mwaka 1992, ziliulinda mfupa hata kwa baadhi ya wagonjwa ambao maumivu yao hayakupungua sana.

Kwa hiyo, dada yangu, hakuna haja ya kutafuta kipimo cha jeni. Kukakamaa kwa asubuhi kunakozidi muda wa saa moja nzima, uvimbe kwenye vifundo vya mikono yote miwili, kwa wiki sita: nenda hospitali ukapimwe kingamwili na ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, na mikono ipigwe picha. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo mfupa huliwa kwa kasi. Atakayeandikiwa dawa ya kuzuia TNF lazima achunguzwe kifua kikuu kwanza, kwani TNF hiyohiyo ndiyo inayowafungia bakteria wa TB waliolala mwilini. Wengi wenu mtaanza na dawa ya kutuliza kinga iitwayo methotreksati. Hii humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kumeua watu. Mwombe mfamasia aandike jina la siku kwenye boksi, na mtu mwingine nyumbani aijue siku hiyo.