Hodi Tatu: Programu Inaposhindwa Kuifikia Hifadhidata

Assalamu alaikum, wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliovuka kwa boti kutoka Mokowe kuja kusikiliza habari za seva. Ahsanteni sana.

Nitaanzia mlangoni. Anayekwenda kwa watu hapa Amu husimama dakani akapiga hodi. Huenda akapata kimya, hata mbu hasikiki. Huenda jirani akamwambia, "Hapo hapana mtu." Au sauti ikatoka ndani, "Nani? Hatukujui." Mgeni mwenye akili hayachanganyi majibu hayo, kwa sababu kila moja linampeleka kwingine. Ajabu ni kwamba sisi mafundi wa programu za wavuti huyachanganya kila siku. Tukiona tovuti imeshindwa kuifikia hifadhidata, tunasema "database imekufa" na mkono unakwenda kuwasha seva upya. Hilo ndilo lililonileta hapa leo: jibu ulilopewa mlangoni lisome kabla hujagusa kitu.

Mkitumia MySQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, kwenye Linux, majibu hayo yana namba zake. Hitilafu 2003 ikifuatiwa na 110 kwenye mabano ni kile kimya. Maombi yako yameondoka na hakuna aliyejibu mpaka muda ukaisha. Hapo usipoteze saa nzima ukikagua nywila, maana hujafika hata mtaani. Tazama anwani, tazama njia, na zaidi ya yote tazama faiwoli, yaani mlinzi wa mtandao, kwani faiwoli nyingi hulimeza ombi bila kusema neno.

2003 ikifuatiwa na 111 ni yule jirani. Mashine umeifikia na imekujibu, ila kwenye poti uliyobisha, yaani mlango wenye namba yake, hapana anayesikiliza. MySQL kwa kawaida husikiliza 3306, na PostgreSQL, hifadhidata nyingine, 5432. Huenda huduma imezimika, diski ikiwa imejaa kwa mfano. Huenda pia ni nzima kabisa lakini imeambiwa isikilize 127.0.0.1 peke yake, yaani haiwasikii ila walio ndani ya mashine ileile. Kwenye MySQL tafuta mstari wa bind-address. Kwenye PostgreSQL ni listen_addresses, na huo usipoubadilisha husikiliza wa nyumbani tu. Na jaribio lolote mnalofanya, lifanyeni mkiwa kwenye seva ya programu yenyewe. Laptopu yako kufika hakuthibitishi kwamba programu itafika.

Neno localhost nalo limewaumiza wengi. Maana yake ni "hapa". Aliyesimama Mokowe akisema "hapa" anakusudia Mokowe. Aliye Shela akisema "hapa" anakusudia Shela. Programu iliyofungwa ndani ya kontena, yaani chumba chake cha peke yake ndani ya mashine, ikisema localhost inakusudia kontena lake, na hifadhidata iko kontena la pili. Tena kwenye Linux, mteja wa MySQL, yaani programu inayopiga hodi, akiambiwa localhost hapiti kwenye mtandao kabisa, hutafuta faili la soketi, njia ya ndani ya mashine ileile. Ndiyo maana utamwona mtu anapata 2002, yaani soketi haikufikika, anaandika 127.0.0.1 badala yake, mambo yanatengemaa, naye hajui kwa nini.

Jibu la tatu ni 1045, "hatukujui". Nyumba zetu za kale, ukivuka daka unaingia tekani, na njia ya tekani imepindishwa makusudi ili mpita njia asione ndani. Aliyepata 1045 yuko tekani. Mtandao mzima, poti nzima, huduma iko macho. Kilichobaki ni jina, nywila na mahali unapotoka. Hapo pa mwisho ndipo watu huparuka. MySQL humjua mtu kwa jina pamoja na anakotoka, kwa hiyo juma wa localhost na juma wa mashine nyingine ni watu wawili, na nywila zao zaweza kutofautiana. Usome ujumbe mpaka mwisho: umekuandikia imekuona ukitokea wapi.

Sasa niwape lililonipata mwenyewe. Nilikuwa nikitunza mfumo wa kuweka vyumba vya wageni. Zilikuwa siku za Maulidi, mji umefurika, kila mtu anatafuta pa kulala. Jioni tukaanza kupata 1040: miunganisho imejaa. Mwenzangu wa zamu akawasha seva upya. Ikapona kidogo, ikaanguka. Akaiwasha tena. Alipotaka kuiwasha mara ya nne nilimwomba aondoe mkono, kwa sababu kila tukiiwasha tulikuwa tunafuta ushahidi.

MySQL isipobadilishwa hupokea miunganisho 151, na huweka nafasi moja ya ziada kwa msimamizi. Nafasi hiyo ndiyo iliyotuokoa. Kama programu ingekuwa inaingia kwa jina la root, yaani msimamizi mkuu, ingeichukua hata hiyo, nasi tungebaki nje. Nikaingia, nikaandika SHOW PROCESSLIST, amri ya kuorodhesha miunganisho iliyopo. Safu kwa safu, zote zimeandikwa Sleep, yaani imelala. Hakuna iliyokuwa ikifanya kazi! Nikatazama sehemu ya muda. Nyingine sekunde 20, 35, 50. Nyingine maelfu.

Zile za sekunde chache tulizifuata kwenye msimbo. Mgeni akibonyeza "Lipa", programu ilikuwa inafungua muunganisho, inaanza muamala wa hifadhidata (mabadiliko yanayokamilishwa kwa pamoja), inakifunga kile chumba asikichukue mwingine, kisha inatuma ombi la malipo kwenye simu yake na kukaa kungoja namba ya siri. Na mgeni anatafuta miwani. Anampa mwanawe simu amsomee. Muda wote huo muunganisho umeshikwa, haufanyi lolote. Zile za maelfu zilikuwa za waliokataa kulipa: msimbo uliruka kwenye sehemu ya hitilafu na haukurudisha muunganisho kamwe.

Mmoja wetu alitaka tupandishe 151 iwe 500. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Kila muunganisho hula kumbukumbu ya mashine, na kwa mvujo ule hata 500 zingejaa usiku uleule. Chombo kikivuja hutiwa kalafati. Tukabadilisha mwendo: andika chumba "kinangoja malipo" pamoja na saa ya kuisha, malizia muamala, rudisha muunganisho, ndipo uombe pesa. Jibu likija, chukua muunganisho mwingine. Na kurudisha tukakuweka kwenye sehemu ya msimbo iitwayo finally, ili kufanyike kazi ikifaulu au isifaulu.

Kuna na ile ya asubuhi, nitaipita haraka. MySQL hukata muunganisho uliolala sekunde 28,800, yaani muda wa saa nane. Puli ya programu yenu, yaani akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa, haina habari, inampa mteja wa kwanza wa asubuhi muunganisho uliokufa, naye mara nyingi anapata 2006, yaani seva imeondoka. Iambieni puli iujaribu muunganisho kabla ya kuutoa, au iutupe kabla haujafikisha muda huo.

Haya, fungueni kompyuta. Kwenye seva ya mazoezi nimetia makosa manne kwa mkono wangu. Asiwashe mtu chochote upya. Kila kikundi kiniandikie kwanza namba ya hitilafu iliyoipata na ilikuwa imesimama mashine gani ilipobisha, kisha tutazunguka meza moja moja.