Moshi, Wazee na Kalenda ya Bajeti ya Kaunti

Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo.

Leo tuzungumzie mambo mawili ambayo kwenye vitabu vya kaunti hukaa katika idara mbalimbali, ilhali katika kifua cha mzee wa miaka 70 hayatenganishiki: moshi, na pesa za kuwahudumia wazee.

Tuanzie kwenye Katiba ya Kenya ya 2010. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linaikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, uzoaji wa taka, majaa, zahanati na afya ya msingi. Afisa akikuambia hewa ni kazi ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, peke yake, mfungulie ukurasa huo. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa kuwasaidia wazee, kwa mwezi ni za serikali ya kitaifa, kwa hiyo usimalize dakika zako kwenye kikao cha kaunti ukizidai pale. Pale dai dawa za presha na za pumu zisizokatika zahanatini, mashine ya oksijeni, na mhudumu wa afya ya jamii wa kumfikia mzee asiyeweza kutoka nyumbani.

Kwa nini wazee ndio huumia zaidi? Chembe za moshi na vumbi tunazoziita PM2.5 hazizidi mikromita 2.5 kwa kipenyo. Hupenya hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mishipa iliyokwisha kukakamaa na moyo uliochoka havina akiba ya kustahimili hilo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo cha wastani wa mwaka linachopendekeza kwa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo.

Sasa tutazame Dandora, jaa kuu la taka la Nairobi. Jaa lile lilianza katikati ya miaka ya 1970 kwenye machimbo ya mawe, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Malori bado yanamwaga. Mabaki ya chakula yakifukiwa pasipo hewa hutoa methani. Gesi hiyo ikishika moto, moto hutambaa chini kwa chini, na maji ya kumwagia juu hayaufikii. Kwa hiyo kutenga taka zinazooza na zisizooza nyumbani, jambo linalotakiwa na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, ni kazi ya kusafisha hewa. Lakini lori moja likizoa mifuko yote miwili na kuichanganya, mama aliyetenga jikoni amejichosha bure. Ombeni safari mbili tofauti, na mafuta ya safari hizo yaandikwe kwenye bajeti.

Vipimo vya hewa navyo vina mambo yake. Vifaa vya bei nafuu hupima chembe kwa mwale wa leza. Asubuhi ya ukungu chembe hunyonya unyevu na kuvimba, na kifaa husoma juu kuliko hali ilivyo. Ndiyo sababu hukaa kwanza kando ya mtambo wa kumbukumbu, yaani ule unaoaminika kwa usahihi, ili vipimo vyake vilinganishwe na kurekebishwa. Kifungwe mita mbili au tatu kutoka chini, kivulini, mbali na jiko la mkaa. Hata hivyo kinachokinyamazisha mara nyingi ni bajeti. Kukinunua ni matumizi ya maendeleo, ilhali bando la data, kusafisha feni na kubadilisha sensa ni matumizi ya kawaida, na upande huo husahauliwa. Mashine ya oksijeni hukumbwa na hayo hayo: bila vichujio, fundi na umeme wa kutegemewa, itakaa pembeni na mgonjwa atakosa pumzi. Kila ombi liwe na mistari miwili, wa kununua na wa kuendesha.

Na lifike mapema. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia Februari 28, na hapo ndipo idara huwekewa vikomo vyao vya matumizi. Bunge hupewa siku 14 tu kuijadili. Makadirio ya bajeti huja kufikia Aprili 30. Mtu anayesubiri kikao cha Mei amekuta vikomo vimekwisha kukazwa, kwani Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kila ongezeko la wabunge lifidiwe kwa punguzo mahali pengine. Ukiomba wakati huo, taja pesa zipunguzwe wapi. Andika hivi: "Zahanati ya wadi yetu: mashine moja ya oksijeni, nebulaiza (mashine za kuvutia dawa ya pumu) mbili, matengenezo ya mwaka mzima; zipunguzwe kwenye fungu la usafiri na mikutano." Mpelekee karani wa bunge la kaunti nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo.

Baada ya bajeti kupita, ripoti za utekelezaji hutoka kila robo mwaka. Tafuteni fungu lenu, mlinganishe kiasi kilichotengwa na kilichotumika. Mkiona sifuri katika robo ya pili, mwandikieni waziri wa kaunti anayehusika wakati huo huo, kwa maana fedha zisizotumika hadi Juni 30 mwaka wake umefungwa.