Kipindi cha 46: E2 Ametoroka

ZUHURA: Taa imewaka? Haya. Asalaam aleikum jamani, karibuni. Feni tumeizima, kwa nyie mliolalamika wiki jana. Tutayeyuka lakini mtatusikia.

ATHUMANI: Mimi nimeshaanza.

ZUHURA: Leo tumejipanga. Nina karatasi hapa. Mambo matatu ambayo mtu anayetaka kutengeneza gemu anaweza kujifunza kwa yule roboti wa gemu za Capcom, kampuni ya Japani, Mega Man, au Rockman kama wanavyomwita Wajapani wenyewe. Matatu, Athumani. Nimeyatia namba.

ATHUMANI: Kabla ya hayo matatu, niseme yaliyonipata Jumapili.

ZUHURA: (anacheka) Nilijua tu.

ATHUMANI: Dakika mbili. Jumapili nimekwenda Kisauni kwa dada, ameniita biriani. Nafika, namkuta mpwa wangu, ana miaka kumi na mmoja, amekaa chini mbele ya TV kubwa hivi, anacheza Mega Man 2. Ile ile ya mwaka 1988. Moyo ukaruka. Nikamwambia, hebu nipe hiyo pedi, kaa hapo uone sisi tulivyokuwa tukicheza.

ZUHURA: Subhanallah. Ukasema hivyo kweli?

ATHUMANI: Nikasema hivyo, na dada yuko jikoni anasikia. Nikaingia hatua ya Quick Man, mmoja wa wale mabosi wanane.

ZUHURA: Kwa makusudi?

ATHUMANI: Kwa majivuno. Wasikilizaji wasioijua: ile hatua unateremka mashimoni, chumba baada ya chumba, na ukutani inatoka miali, huku kushoto huku kulia. Mwali mmoja ukikugusa umekwisha. Hata kama uhai wako umejaa tele. Basi nikaanguka shimo la kwanza, nikafa. La pili, nikafa. Biriani ikaletwa, nimeshakufa mara tisa.

ZUHURA: Tisa!

ATHUMANI: Na jambo jingine. Wimbo ulikuwa unakimbia. Ule wimbo naujua kama jina langu, na huu ulikuwa umetiwa pilipili. Nikamwambia kijana, hii gemu yako imeharakishwa. Akaniangalia vile watoto wanavyomwangalia mtu mzima akipapasa miwani iliyo kichwani mwake.

ZUHURA: Hilo la wimbo liweke hapo. Nitalirudia.

ATHUMANI: Sasa akachukua pedi yeye. Shimo la kwanza akapita. La pili mwali ukampata. Akabonyeza kitufe, na roboti akaanza kurudi nyuma! Akapanda juu alikotoka, kama kaseti ya taarabu unaporudisha wimbo. Akaachia, akaruka upya, akapita. Akipigwa, anarudisha. Akipigwa, anarudisha. Mpaka Dokta Wily mwenyewe, adui wa mwisho. Halafu akaniambia, "Mjomba, nimemaliza. Tuweke nyingine?"

ZUHURA: Amemaliza.

ATHUMANI: Hajamaliza.

ZUHURA: Wewe uliwahi kuimaliza?

ATHUMANI: Unaniuliza mimi? Mwaka tisini na sita, chumba cha nyuma cha duka la babu, Makadara. TV ya Great Wall, inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe.

ZUHURA: Ngoja, ngoja. Nyeusi na nyeupe? Roboti yule akibadilisha silaha anabadilika rangi. Ndiyo njia ya kujua umeshika nini mkononi.

ATHUMANI: Kwangu alibadilika kutoka kijivu kuwa kijivu. Mimi nilijua ni wa buluu nilipokuwa kidato cha pili.

ZUHURA: (anacheka muda mrefu) Na ushahidi wa kumaliza uko wapi?

ATHUMANI: Ushahidi upo. Ulikuwepo. Ulikuwa kwenye daftari la madeni la babu.

ZUHURA: Daftari la nini?

ATHUMANI: La madeni! Unga nusu, sukari robo, mafuta ya taa. Si unajua Mega Man 2 ndiyo ya kwanza kuweka paswodi? Ile ya mwanzo, ya 1987, ukizima umeanza upya. Hii ya pili inakupa kiraba, vyumba vitano kwa vitano, mistari A mpaka E, namba moja mpaka tano, na ndani yake vidoa vyekundu...

ZUHURA: Kwako vya kijivu.

ATHUMANI: Kwangu vya kijivu. Basi usiku, duka limefungwa, mimi sina karatasi. Nikachukua daftari la babu, ukurasa wa nyuma, nikaandika kwa penseli kuteremka chini. A5. B2. B4. C1. C3. C5. D4. D5. E2.

ZUHURA: Bado unaikumbuka!

ATHUMANI: Namba ya kitambulisho siikumbuki, hiyo naikumbuka. Sasa, mkabala na duka kulikuwa na jengo la ghorofa la wapangaji. Na milango yake imeandikwaje?

ZUHURA: Usiniambie.

ATHUMANI: A moja, A mbili, A tatu...

ZUHURA: Athumani!

ATHUMANI: Asubuhi babu anafungua daftari, anakuta wadeni tisa hawajui. Hakuna kitu walichochukua, hakuna bei, mlango tu. Akadhani ni ami yangu, maana ami ndiye aliyekuwa akikopesha ovyo na kuandika nusu nusu. Akaniita mimi. "Athumani, nenda kwa A5 kamwambie babu anadai chake."

ZUHURA: Na wewe ukasemaje?

ATHUMANI: Ningesema nini? Kuchora daftari la babu ilikuwa kosa la fimbo. Nikavuka barabara, nikabisha A5.

ZUHURA: Ukabisha!

ATHUMANI: Akatoka mama mmoja, kanga imefungwa kifuani, mwiko mkononi. Nikasema, shikamoo, babu wa duka anasema mna deni. Zuhura, wallahi, yule mama akajipiga kipaji, akasema, "Lo, nilisahau!" Akaingia ndani akatoka na shilingi ishirini.

ZUHURA: (haisikiki kwa kicheko) ...alikuwa anadaiwa kweli?

ATHUMANI: Mpaka leo sijui.

ZUHURA: Na unajua kinachonichekesha zaidi? Mstari wa A kwenye ile paswodi unahesabu matangi ya nishati, yale ya kujaza uhai. A1 huna hata moja. A5 unayo manne, ndiyo mwisho wa kubeba. Kwa hiyo kati ya wale tisa, A5 ndiye tajiri.

ATHUMANI: Ndiye pekee aliyelipa!

ZUHURA: Vidoa vinane vilivyobaki ni mabosi wanane, kila mmoja yuko hai au amekufa kulingana na chumba alichowekwa. Yako ni ya wote wamekufa.

ATHUMANI: Basi nilikwenda kudai maiti wanane. B2 hakuna mtu. B4 akanifukuza. C1 kuna mbwa. C3 akataka kuja dukani mwenyewe kumwona babu, hapo nikatetemeka. D4 na D5 ndugu, wakaanza kugombana wao kwa wao nani alikopa.

ZUHURA: Na E2?

ATHUMANI: Jengo lilikuwa na herufi mpaka D.

ZUHURA: (anacheka)

ATHUMANI: Nikarudi nikamwambia babu, E2 hayupo. Babu akavua kofia, akaandika kwa kalamu ya wino, kwa hati yake nzuri ya zamani: "E2 ametoroka."

ZUHURA: Jamani. Jamani. Sasa mimi nifanye nini na karatasi yangu?

ATHUMANI: Ila umeona? Nilimaliza. Babu mwenyewe aliandika.

ZUHURA: Sawa, nirudi kwenye wimbo. Ulisema kwa mpwa wako ulikuwa unakimbia.

ATHUMANI: Ulikimbia.

ZUHURA: Haukukimbia. Huo ndio mwendo wake. TV zetu huku zilikuwa za mfumo wa PAL, picha hamsini kwa sekunde. Japani na Marekani ni sitini. Na gemu zile zinahesabu kila kitu kwa picha: kuruka, risasi, wimbo, miali. Ukiiweka gemu ya sitini kwenye mashine ya hamsini bila kuirekebisha, kila kitu kinapungua sehemu moja ya sita.

ATHUMANI: Unamaanisha nini?

ZUHURA: Namaanisha miali ya Quick Man ilikuwa inakungoja, kaka.

ATHUMANI: (kimya)

ZUHURA: Mtoto wa watu amecheza kwa kasi kamili. Wewe ulicheza yenye malaria.

ATHUMANI: Ngoja kwanza. Kaseti zetu za gemu zilikuwa za Kijapani, zile za pini sitini, za njano. Na ile ya Kijapani haina pa kuchagua. Wamarekani ndio walioongezewa "Normal", ugumu ukalegezwa. Ya Japani ni ule ugumu wenyewe tu. Muulize mpwa wangu alichagua ipi.

ZUHURA: Alichagua ipi?

ATHUMANI: Normal!

ZUHURA: Haya, hilo nakupa. Lakini la kurudisha nyuma sikupi. Paswodi ni nini kama si kurudisha nyuma polepole, kwa penseli?

ATHUMANI: Si kitu kimoja. Paswodi inakurudisha mlangoni. Ukifa katikati ya Quick Man haikuokoi.

ZUHURA: Flash Man je, yule bosi mwingine? Ukimshinda unapata silaha ya kusimamisha wakati, na miali yote inaganda. Waliotengeneza waliweka wenyewe njia ya kutoka. Kwa nini huruma yao iwe halali na ya kitufe iwe haramu?

ATHUMANI: Kwa sababu ile unailipia! Ukiifungua haizimiki mpaka nishati yake iishe. Na silaha hiyo hiyo ndiyo inayomla Quick Man karibu nusu ya uhai wake. Ukiitumia kwa miali, unafika kwa bosi mkono mtupu. Uchague wewe, uogope sasa au uogope baadaye. Mpwa wangu hakulipa kitu.

ZUHURA: Basi mwandike kwenye daftari.

ATHUMANI: Nitamwandika! Mlango F!

ZUHURA: Hebu sikia na upande wangu, bila utani. Mimi naamka saa kumi na moja, navuka feri, narudi saa moja usiku nikiwa hoi. Nina nusu saa. Nusu saa hiyo gemu iniambie nirudie vyumba sita nilivyokwisha kuvijua kwa sababu kidole kilichelewa kwenye cha saba? Hapana. Hicho si kipimo cha uhodari, ni kipimo cha nani ana muda. Wewe ulikuwa na likizo ya Agosti nzima na babu mwenye duka.

ATHUMANI: Lakini kile kidole kuchelewa ndiyo gemu. Mimi pale nilikuwa natokwa na jasho mikononi, nafuta kwenye kaptura. Yeye alikuwa anakula chipsi kwa mkono mmoja. Ukiondoa woga, ile miali ni nakshi za ukutani.

ZUHURA: Kwa hiyo lazima ateseke kama wewe.

ATHUMANI: Sikusema ateseke. Nimesema asiseme amemaliza.

ZUHURA: Na wewe useme umemaliza, kwa kasi ya hamsini?

ATHUMANI: Sikuchagua hamsini.

ZUHURA: Na yeye hakukitia kitufe. Alikikuta.

ATHUMANI: Alikibonyeza.

ZUHURA: Ungekuwa nacho Makadara usingekibonyeza?

ATHUMANI: ...Ningebonyeza. Lakini nisingesema nimemaliza.

ZUHURA: Mwongo.

ATHUMANI: Wallahi.

ZUHURA: Ungeiambia Makadara nzima, mlango kwa mlango.

ATHUMANI: Mpaka D tu.

ZUHURA: (anacheka) Sijakubali, lakini.

ATHUMANI: Wala mimi.

ZUHURA: Haya, karatasi. La kwanza: hatua inavyomfundisha mchezaji bila neno hata moja. Tazama yale matofali yanayotokea na kupotea. Yanakuja kwa mpangilio ule ule kila mara, na kila moja likitokea linalia, kwa hiyo unajifunza kwa sikio kabla ya...

ATHUMANI: Kama feri.

ZUHURA: Feri haina mpangilio, Athumani. Nimekwambia niache.

ATHUMANI: Wewe hukuwahi kusimama Likoni ukahesabu? Ile kubwa ikiondoka...

ZUHURA: Saa ngapi?

ATHUMANI: Saa kumi na mbili na robo.

ZUHURA: Lo! Magharibi hiyo, na kaka yangu anataka chumba chake. Ameshagonga mara mbili, mtasikia kwenye rekodi. Basi, yale matatu...

ATHUMANI: Soma vichwa tu.

ZUHURA: Vichwa bila maelezo vina faida gani? La pili linahusu kwa nini mashine ile ya gemu, Famicom ya Nintendo, haikuweza kuonyesha zaidi ya vipande vinane vya picha kwenye mstari mmoja, ndiyo maana vitu vinapepesapepesa maadui wakijaa. Linataka dakika ishirini peke yake. Acha. Yatakuja siku nyingine.

ATHUMANI: Wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki ijayo tulisema ni mgeni.

ATHUMANI: Basi baada ya mgeni. Watu wa Makadara mnaosikiliza, kama mlikaa lile jengo mkabala na duka, mlango A5, mama yuko hai? Mtuandikie.

ZUHURA: Ngoja. Ile ishirini ulimpa babu?

ATHUMANI: Nilimpa.

ZUHURA: Yote?

ATHUMANI: Kumi.

ZUHURA: Na kumi?

ATHUMANI: Kaka yako anagonga. Zima.