Saa ya Mkono Kama Mtaji: Hesabu ya Mtu wa Mtwara

(Mhadhara kwa wakulima na wafanyabiashara, Mtwara mjini. Umeandikwa kama ulivyotolewa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu wa vikoba mliokaa mbele pale, ahsanteni kwa kunialika.

Nilijiandaa kuzungumzia hatifungani, yaani kuikopesha serikali fedha ikulipe riba. Juzi mwenyekiti akanipigia simu, akasema vijana wana swali lao: wameona mtandaoni kwamba saa za Rolex na Patek Philippe zinapanda bei kuliko viwanja, na fedha ya korosho wanayo. Basi tuanze na saa. Hatifungani nitazipenyeza humo humo, msiwe na wasiwasi.

Jibu langu nalitoa mapema, ili anayewahi bodaboda aondoke nalo. Faida kwenye saa ipo, ila karibu yote huliwa na aliye jirani na duka. Sisi wa huku tuko mwisho wa foleni.

Chukueni Rolex ya chuma aina ya Submariner. Bei yake ya dukani ni zaidi ya dola 9,000, yaani milioni ishirini na kitu za kwetu. Sasa nenda na hiyo fedha kamili kwa wakala halali wa Rolex uone. Utaandikwa jina, utaambiwa usubiri. Wakala atampa amtakaye yeye, mteja wake wa miaka mingi aliyekwisha kumnunulia mke pete na mkufu hapo hapo dukani. Huyo akitoka nje ya mlango anaweza kuiuza juu ya bei aliyolipa, na hiyo tofauti ndiyo faida mnayoonyeshwa kwenye simu. Na msidhani kiwanda hakina uwezo: inakadiriwa Rolex wanatoa saa zaidi ya milioni moja kila mwaka.

Wewe wa Chikongola au Mikindani hutauziwa na wakala yule. Utauziwa na mtu wa tatu au wa nne, faida ikiwa imeshachumwa. Siku ukibanwa, mtoto anataka ada au mgonjwa yuko hospitali ya Ligula, utakwenda kumuuzia nani? Dalali, na atakupa bei ya kangomba. Naona mnacheka, maana kangomba hapa hatufundishani. Mtu anakuja kijijini kabla ya msimu, anakukuta huna hata sukari ndani, anachukua korosho zako kwa bei ya kutupa, kisha anazipitisha ghalani kama zake. Hakuna aliyekudanganya kuhusu bei ya mnada. Umepunjwa kwa sababu huna muda wa kuusubiri. Soko la saa kuukuu nalo liko hivyo, tena lenyewe halina hata chama cha ushirika, AMCOS, wala stakabadhi ghalani ya kukukinga.

Tuseme umenunua kwa milioni 30. Ukimrudishia dalali wiki ileile, akikupa 25 mshukuru. Maana yake saa ipande kwa asilimia 20 ndipo urudishe ulichotoa. Ukipeleka kwenye mnada mkubwa wa Geneva au London, kule mnunuzi hutozwa zaidi ya asilimia 20 juu ya bei iliyogongewa nyundo, na wewe muuzaji nawe waweza kukatwa kamisheni. Bado hujalipia usafirishaji na bima. Kuiingiza nchini kihalali kuna forodha na VAT ya asilimia 18.

Mtaniambia, mbona kuna saa zimeuzwa mabilioni? Ni kweli. Ile Rolex Daytona aliyokuwa akiivaa mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Lakini pale watu walimnunua Newman. Daytona zenye uso wa namna ile zilidoda madukani miaka ya sitini, hakuna aliyezitaka.

Nataka tukae kidogo kwenye saa nyingine, kwa sababu hesabu yake iko wazi. Ni saa ya mfukoni ambayo Patek Philippe waliitengeneza kwa ajili ya Henry Graves, mwenye benki wa New York, wakamkabidhi mwaka 1933. Ina kazi 24 tofauti: kalenda, kengele, hadi ramani ya nyota za anga la New York. Haina pacha. Mwaka 1999 ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 11. Novemba 2014 ikauzwa tena Geneva kwa kiasi cha dola milioni 24. Magazeti yalipiga kelele, rekodi ya dunia! Lakini chukueni kalamu. Kutoka 11 hadi 24 kwa miaka kumi na mitano ni asilimia 5 na ushee kwa mwaka, kabla ya kutoa bima na ulinzi. Mwishoni mwa 1999 wakia moja ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300. Novemba 2014 ilikuwa zaidi ya dola 1,100. Dhahabu ya kawaida kabisa, kama ile ya Geita, isiyo na nyota wala kengele, ilikua karibu mara nne wakati saa bora kuliko zote duniani ilikua mara mbili na kidogo.

Kama hiyo ndiyo saa iliyoshinda, zile zilizoshindwa zikoje? Saa nyingi za bei mbaya, za majina makubwa tu, hushuka thamani siku unapozitoa dukani. Zinazopanda ni aina chache za kampuni chache, na hata hizo zina msimu. Patek Nautilus namba 5711, kampuni ilipotangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kuitengeneza, bei ya mtaani ilipaa mara kadhaa ya bei ya duka. Desemba ya mwaka huo huo, moja yenye uso wa rangi ya buluu ya Tiffany iliuzwa mnadani dola milioni sita na nusu. Watu walikuwa wamefungiwa ndani na korona, fedha ni nyingi, mikopo rahisi, sarafu za kidijitali zimewatajirisha vijana. Mapema 2022 soko likafika kileleni. Benki kuu za dunia zikapandisha riba, zile sarafu zikaanguka, na saa zikaanguka nazo. Aliyenunua kileleni alikaa miaka miwili akitazama mtaji ukiyeyuka. Wale wa kwetu walionunua viwanja kwa pupa enzi za gesi wananielewa bila maelezo.

Halafu saa haizai. Hatifungani ya serikali unaingia kwa shilingi milioni moja, na kila miezi sita Benki Kuu inakulipa riba. Za miaka 20 na 25 zimewahi kutolewa kwa kuponi, yaani riba ya mwaka, ya zaidi ya asilimia 15. Ukiona milioni ni nyingi, kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, unaanza na kidogo. Mkorosho wenyewe unadai salfa na palizi, lakini Oktoba unakulipa. Saa hudai matunzo bila kutoa chochote: kila baada ya miaka kadhaa ifunguliwe, isafishwe, itiwe mafuta mapya, na gharama ni mamia ya dola.

Nisiwe mchoyo, hoja moja ya wapenda saa ina uzito. Bei ya saa ni ya dola. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,600. Mwanzoni mwa 2024 ilipita 2,500. Aliyeshika mali ya dola amekingwa. Lakini huko kuporomoka kwa shilingi ni kama asilimia 4 au 5 kwa mwaka, na hatifungani ya asilimia 15 inakufidia na chenji inabaki.

Nimekuja na saa mbili, nazipitisha mzitazame. Hii ya kwanza ni Seiko 5 ya marehemu baba, mnazijua, wazee wote walikuwa nazo. Ya pili imeandikwa Rolex na ni feki, nimeiazima kwa fundi wa pale sokoni. Tazameni mshale wa sekunde: unateleza, haurukiruki. Zamani tuliambiwa hiyo ndiyo dalili ya saa halali. Siku hizi feki nayo inateleza, ina uzito, ina kadi na boksi. Fundi ameniambia hawezi kuapa kuhusu saa yoyote ya namna hii mpaka aifungue mgongo, na mgongo wa Rolex hufunguliwa kwa kifaa chake maalumu. Na ukipata halali, usimpe mtu aipige polishi ing'are kwa harusi. Kwenye saa za zamani wakusanyaji wanalipia mikwaruzo yake na uso wake wa asili. Ukiing'arisha umefuta sehemu ya bei.

Maswali.

Kijana wa shati jeupe anauliza: je, kama ninaipenda tu? Mdogo wangu, nunua. Umeuza korosho zako, hukuiba. Ila iandike kwenye daftari la matumizi, pamoja na sofa, na isitoke kwenye fedha ya salfa ya msimu ujao. Nunua yenye kadi na risiti, na mwone fundi kabla hujalipa.

Mama anauliza habari ya mirathi. Hili wengi hawalifikirii. Mikorosho inagawika, huyu mingapi, yule mingapi, hata ugomvi ukiwepo miti inahesabika. Saa moja ya milioni 30 kwa warithi saba ni kesi. Tena mara nyingi haifiki hata kwenye kesi, kwa sababu marehemu alimficha mkewe bei; watoto wanaikuta kwenye droo, wanadhani ni ya Kariakoo, inauzwa elfu hamsini kulipia turubai la msiba. Kwa hiyo mwenye nayo aandike kwenye wosia aina ya saa, namba yake, kadi iko wapi, na jina la fundi anayeijua.