Waya Kwanza, Inveta Baadaye

Mhadhara kwa mafundi umeme wa magari na madereva wa safari, Arusha

Ndugu zangu mafundi, na nyinyi madereva mliokuja moja kwa moja kutoka porini, karibuni. Kabla sijaanza, pokezaneni kipande hiki cha waya. Kishikeni pale palipoungua. Kilitoka kwenye Land Cruiser ambayo umeme wake niliufunga kwa mikono yangu, na nitawaeleza kilichotokea.

Siku hizi wageni wengi wanalala kwenye gari au kwenye hema la juu ya paa. Wanataka friji, wanataka kuchaji kamera, wanataka maji ya moto alfajiri. Mwenye gari akifika gereji anauliza inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 kama wa nyumbani, iwe ya wati ngapi. Mimi namuuliza: wageni wako wanatumia nini, kwa saa ngapi?

Tupige hesabu ya gari moja. Friji ya kompresa ya wati 50, ikizunguka nusu ya siku, ni wati-saa 600. Kamera na kompyuta 200. Taa 50. Birika la wati 1,500 kwa dakika tano, 125. Inakaribia wati-saa 1,000 kwa siku. Gari likikaa Seronera, kule Serengeti, siku mbili bila kuwashwa injini, tunahitaji 2,000.

Betri za asidi ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara unaziua, kwa hiyo utafunga nne za volti 12 na ampea-saa 100, kila moja ikibeba wati-saa 1,200, karibu kilo 120. Za lithiamu, zile za chuma na fosfeti, mbili za ampea-saa 100 zinatosha, kama kilo 25. Ni ghali, sikatai. Lakini fikirieni spring za nyuma kwenye ile njia mbovu ya Naabi, ya kuingilia Serengeti, halafu mniambie. Mimi nachagua lithiamu. Ila msiiunge moja kwa moja na alteneta, ile jenereta ya injini, maana hupokea mkondo mkubwa kwa muda mrefu na alteneta huungua. Wekeni katikati chaja ya DC, yaani ya umeme wa betri, inayodhibiti mkondo huo. Na lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0. Anayelala ukingoni mwa Ngorongoro mwezi wa saba anaijua baridi ya kule. Betri ikae ndani ya kabini, isining'inie chini ya chasisi.

Friji ya volti 12 isipite kwenye inveta. Inveta iliyowashwa bila kazi yoyote inaweza kula wati 20, na kwa saa 24 hizo ni 480, karibu nusu ya hesabu yetu ya siku. Iwasheni inapohitajika, kisha izimeni.

Sasa waya. Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini.

Birika la wati 1,500 kwenye volti 230 linavuta ampea 6 na nusu. Birika hilohilo kupitia inveta linaivuta betri ya volti 12 karibu ampea 140. Mia moja na arobaini! Nimeona watu wanatumia waya wa milimita 16 za mraba, mita tatu kwenda na mita tatu kurudi. Njiani humo inapotea karibu volti nzima. Inveta inaona betri imeisha, inapiga kelele na kuzima, na mwenye gari anakwenda kununua betri nyingine wakati ile ya kwanza ni nzima kabisa. Wati zaidi ya 120 zinabaki kwenye waya kama joto. Sogeza inveta iwe mita moja kutoka kwenye betri, weka waya wa milimita 70, na upotevu unashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Lagi, vile vichwa vya kuungia ncha za waya, zibanwe kwa mashine ya haidroliki. Msizigonge kwa nyundo.

Fyuzi inalinda waya. Hailindi inveta, wala hailindi betri. Kwa hiyo inakaa pale umeme unapoanzia, upande wa chanya, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri, na iwe fyuzi iliyotengenezwa kwa DC. Kwenye lile gari niliiweka karibu na inveta, kwa sababu palikuwa na nafasi nzuri ya kufungia. Waya ulipita kwenye tundu la bati bila raba. Barabara iliutikisa miezi kadhaa, bati likala ganda la waya, chanya ikagusa bodi, ambayo imeungwa na hasi. Fyuzi ilikuwa mbele ya pale palipogusa, upande wa inveta, na umeme ule haukuipitia, kwa hiyo haikuona kitu. Kapeti iliwaka, na ndani walikuwamo wageni wawili na dereva. Walitoka salama, namshukuru Mungu kila ninapokishika kipande hicho. Betri ndogo namna hiyo inaweza kusukuma maelfu ya ampea kwa kufumba na kufumbua.

Tangu siku ile gari halitoki gerejini kwangu kabla sijapima hivi: birika likiwa linachemka, ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya inveta. Kisha hasi kwa hasi. Mita inasoma volti zinazopotea njiani, bila kufungua nati hata moja. Ikizidi 0.2, nakata nafunga upya.

Nje kuna magari mawili, na mita ziko mezani. Chukueni, twende tukapime.