Ugali Ndani ya Kranki

OTIENO: Karibuni tena. Mwanaisha yuko hapa, mimi niko hapa, na nyote mliokuwa mkiuliza kuhusu Zedi, gari ninalolijengea injini: kranki, ile shafti nzito inayozungushwa na pistoni, imeingia. Imelala ndani ya bloku na imekazwa.

MWANAISHA: Waeleze ya Jumapili.

OTIENO: Nimeandika mambo matatu ya kumsaidia mtu anayetaka kujenga injini kama hii...

MWANAISHA: Tutayafikia. Kwanza Jumapili.

OTIENO: Haya. Mnalijua gari la marehemu Baba, Datsun 240Z. Injini yake ya kiwandani ni L24, silinda sita za mstari, cc 2393. Hiyo nimeifunga nailoni, iko chini ya meza na haiguswi. Ninayoijenga ni ya bloku la L28, injini kubwa zaidi ya ukoo uleule, halafu ndani nimetia kranki ya LD28, ile injini ya dizeli ya Nissan Laurel na Cedric. Kwenye L28 ya kawaida pistoni inapanda na kushuka milimita 79. Kwa kranki ya dizeli ni 83. Kipenyo cha silinda nimekiacha 86, nikapata cc 2893.

MWANAISHA: Na pistoni je? Maana kuna mtu atasikia hivi, kesho yuko Kirinyaga Road kwa wauza spea wa Nairobi anatafuta kranki.

OTIENO: Pistoni za L28 hazikai. Kranki imeongeza milimita nne, mbili juu, mbili chini. Kwa hiyo ukifunga zile za kawaida zitachungulia nje ya bloku karibu milimita mbili, zigonge hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Nimeagiza zenye tundu la pini lililosogezwa juu, ili pistoni ikae chini zaidi.

MWANAISHA: Sasa Jumapili.

OTIENO: Jumapili nilitaka kujaribisha giaboksi, ileile iliyokuja na gari. Nyuma ya kranki kuna tundu lenye bushi, kipete cha shaba, ncha ya shafti ya giaboksi inakaa mle. Nikapitisha kidole: bushi imeliwa upande mmoja, ina ukingo mkali kama kopo lililofunguliwa vibaya. Ukifunga giaboksi hapo shafti inayumba, na ukikanyaga klachi haiachii sawasawa. Lazima itoke. Lakini nyuma yake hakuna nafasi ya kupitisha chuma uisukume.

MWANAISHA: Kila fundi anajua dawa yake. Unajaza grisi, unaingiza chuma kinachobana, unapiga nyundo. Grisi haina pa kwenda, inaisukuma bushi kutoka nyuma.

OTIENO: Nilijaza. Chuma changu kilikuwa chembamba kidogo, grisi ikapita pembeni ikanirukia shati zima. Nikajaribu mara tatu. Mama akapita na sahani ya ugali uliobaki mchana, akauliza kama nimekula.

MWANAISHA: Jamani.

OTIENO: Nikakata kipande, nikakishindilia kwa kidole gumba. Nikapiga. Nikaongeza, nikapiga. Mara ya tano nikasikia sauti imebadilika, ile "ta" ikawa "tu". Nikaangalia, bushi imechomoza kama ukucha. Mara ya saba ikadondoka sakafuni, na nyuma yake kimetoka kigogo cha ugali wa kijivu, kigumu, umbo la bushi kabisa.

MWANAISHA: Mimi niliposimuliwa sikulala. Otieno, watu wanatumia mkate. Kwetu Mombasa utachukua boflo, utalilowesha, kazi imekwisha. Boflo linajaza kila upenyo.

OTIENO: Boflo lina chumvi. Ugali hautiwi chumvi. Ule ni unga na maji tu. Wewe unataka kuweka chumvi ndani ya chuma?

MWANAISHA: Chumvi ya boflo ni kiasi gani?

OTIENO: Ipo.

MWANAISHA: Na ugali ukikauka mle ndani ni saruji. Uliutoaje?

OTIENO: Kijiti, maji ya moto, kitambaa, halafu mafuta. Kidole kikitoka kikavu na cheupe narudia. Kilitoka safi mara ya nne. Tundu lile halina njia ya kwenda kwenye mafuta ya injini, limeishia palepale, hilo nililijua kabla sijaanza.

MWANAISHA: Sembe au dona?

OTIENO: Sembe. Dona ingekuwa na chembechembe.

MWANAISHA: Kumbe ulifikiria.

OTIENO: Nilifikiria sana! Dada, hiyo kranki imetoka kwenye dizeli iliyochinjwa, kupata nyingine ni miezi. Na bushi mpya niliilaza kwenye mafuta ya injini usiku kucha, kwa sababu shaba ile ina vitundu vinavyonyonya mafuta. Asubuhi nikaigonga taratibu na kipande cha mti, ikaingia.

MWANAISHA: Bado nasema boflo. Lakini twende kwenye hilo giaboksi, maana hapo ndipo sikubaliani nawe hata kidogo.

OTIENO: Najua.

MWANAISHA: L24 ni cc 2393. Wewe unakwenda 2893. Hewa ikiingia kwa uzuri uleule, nguvu ya kuzungusha inapanda karibu moja ya tano. Nguvu hiyo yote inapita kwenye meno ya gia ya miaka zaidi ya 50. Litoe, lipake mafuta, lihifadhi kando ya ile L24. Funga giaboksi la 280ZX, Zedi iliyokuja baadaye, bolti zake zinakubali palepale. La Baba libaki zima.

OTIENO: Ndiyo maana sikupanua silinda hadi 89. Ningeweza kupata cc 3098 kama wengi. Nimeacha kwa ajili ya giaboksi. Na injini yenye mwendo mrefu inavuta chini, sitaizungusha mpaka 7000, sitabadilisha gia kila dakika.

MWANAISHA: Meno hayavunjwi na mizunguko, yanavunjwa na nguvu. Ukivuta chini kwenye mlima na gia kubwa ndiyo unaliumiza zaidi.

OTIENO: Kwa mguu wa pupa. Mimi namjua anayeendesha.

MWANAISHA: Na siku umempa ndugu yako?

OTIENO: Simpi. Mwanaisha, sikia. Baba alisimama kando ya barabara mwaka 1973, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda mbio za Safari Rally na 240Z. Baada ya hapo hakutaka gari lingine. Alipolipata, mkono wangu ulikuwa chini ya mkono wake kwenye gia. Ya pili ukiisogeza kwa haraka inakwaruza, unangoja nusu pumzi, inaingia. Hicho ndicho nilichorithi. Injini nilikuwa naisikia tu, giaboksi nililishika.

MWANAISHA: Naelewa, wallahi naelewa. Ndiyo maana nataka lisivunjike. Nissan wenyewe wamelihifadhi gari la Herrmann na Schüller lililoshinda Safari mwaka 1971. Wamelitunza kwa sababu ya yale mkono wa mtu ulifanya ndani yake.

OTIENO: Limetunzwa, haliendeshwi barabarani kila wiki. Mimi nataka kwenda nalo Naivasha.

MWANAISHA: Nenda, na giaboksi lingine.

OTIENO: Basi litakuwa gari lingine.

MWANAISHA: Injini umebadilisha na bado unaliita la Baba.

OTIENO: Injini ya Baba ipo, siku yoyote naweza kuirudisha.

MWANAISHA: Na giaboksi pia lingekuwepo! Likivunjika halirudi.

OTIENO: Sitalitoa.

MWANAISHA: Na mimi sitasema umefanya sawa.

OTIENO: Sawa.

MWANAISHA: ...Tuna dakika ngapi?

OTIENO: Wenye chumba cha kurekodia wamegonga mlango. Nne, tano. Basi niseme la kwanza upesi, maana linaumiza watu: kola ya rilizi beringi, yaani kipande kinachoshika beringi inayosukuma klachi ukikanyaga. Zipo za urefu tofauti. Inafuatana na presha pleti, ile sahani inayobana klachi, haifuatani na giaboksi. Ukichukua klachi ya milimita 240 ukaacha kola ya ile klachi ya 225, utafunga kila kitu, utakanyaga, na klachi haitafanya kazi. Utashusha giaboksi tena. Kabla ya kufunga, weka presha pleti na kola mezani...

MWANAISHA: Uvipime pamoja, na zile za zamani kando.

OTIENO: Ndiyo. Kwa rula tu. La pili ni hewa, kwa sababu kabureta mbili za L24 kwenye cc 2893...

MWANAISHA: Wamegonga tena.

OTIENO: Wiki ijayo, basi. Na la tatu.

MWANAISHA: Bushi ya zamani umeitupa?

OTIENO: Iko kwenye kopo, na ule ugali wake.

MWANAISHA: Usiutupe. Nitakuja Jumamosi na boflo na kipande cha bomba, tupime vyote viwili.

OTIENO: Njoo nalo zima. Mama atapika chai.